Pita kwa Badru

Maneno yalinifikia Alhamisi asubuhi, nikiwa napanga makaa juu ya mfuniko wa sinia. Aliyeyaleta ni Ritha, muuza dagaa anayezunguka vijiji vyetu na beseni kichwani.

"Mama Hasina," akasema, "mimi si mmbeya, unanijua."

Nikajua ni umbeya.

"Nasikia mwanao Jumamosi alishuka njia panda. Na begi. Akasimama kwenye kibao chenu, akakisoma, akavuka barabara, akapanda gari la kurudi Tanga."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Mwenzangu, ukianza kuuliza watu gani, hakuna atakayekuletea habari tena. Nikatie mkate."

Akala kipande chake, akajitwika beseni, akaenda. Mimi nikaunguza sinia zima. Tangu nifundishwe kupika mkate wa sinia nikiwa msichana sijawahi kuuunguza juu na chini kwa mara moja.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imezaa. Kisimani walisema Hasina alikuwa analia. Dukani walisema alikuwa anacheka, tena na mwanamume. Mmoja akasema ana mimba, mwingine akasema hapana, ni begi tu kalibeba vibaya. Sikumjibu mtu. Lakini kila nilichoshika siku ile kiliniambia neno lile lile: alifika, akageuka. Na kutoka njia panda hadi mlangoni kwangu ni mwendo wa mtu kumaliza kutafuna muwa mmoja.

Hasina ndiye mwanangu wa pekee. Siku hizo alikuwa na miezi minane hajatia mguu nyumbani. Simu alikuwa anapokea. Ananiamkia, anasema yuko salama, basi. Nilichokuwa nakitaka duniani ni kimoja tu, aingie tena kwa mlango ule aliotokea.

Niwaeleze kidogo, maana mtakaosoma si wote mnaotujua, na mmeanza kuja kutoka vijiji vingine kutuuliza tulifanyaje.

Kijiji chetu ni Mvuleni, njia ya Pangani. Jirani zetu wanatuita Wasioaga. Ni jina la utani na ni la zamani. Kwetu mtu akisafiri haagi, na anayebaki haulizi unakwenda wapi wala unarudi lini. Wazee walisema enzi za mashamba ya mkonge vijana walioagwa kwa vilio hawakurudi, na walioondoka kimya, kama mtu anayekwenda kuteka maji, walirudi na mabati ya nyumba. Basi kwaheri tukawaachia maiti. Kwetu anayeagwa ni yule aliye kwenye jeneza tu. Jirani wakatucheka: "Ukila kwa Wasioaga, usishangae kuinua uso ukajikuta wewe na sahani." Alikuja imamu mgeni, akalalamika kwamba salamu ya kuingia tunaitoa, ya kutoka tunaimeza.

Aliyeona biashara ndani ya jina hilo ni shemeji yangu Badru, mdogo wa marehemu mume wangu, anayekamua mafuta ya nazi. Wakati ule kila mtu alikuwa anauza kivyake na anadodewa kivyake. Mimi na mkate wangu, Badru na mafuta yake, Bi Hafsa na mikeka na vikapu vya ukindu, na Rafaeli na kamba za katani pale njia panda. Rafaeli ni Mlutheri. Babu yake aliletwa na mkonge, mkonge ukaisha, yeye akabaki. Badru akatukusanya barazani kwake.

"Tumechekwa bure miaka yote," akasema. "Kicheko hiki nacho kifanye kazi."

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Mteja akinunua, hatumwambii kwaheri wala karibu tena. Tunampeleka kwa mwenzetu. Rafaeli anasema, "Pita kwa Mama Hasina." Mimi nasema, "Pita kwa Badru." Badru anasema, "Pita kwa Hafsa." Bi Hafsa anamrudisha kwa Rafaeli barabarani, na hapo gari linamchukua. Mtu anazunguka kijiji kizima hakuna aliyemuaga, na mkononi ana mkate, chupa ya mafuta, kikapu cha kutilia vyote na kamba ya kukifungia. Tukaandika kibao, KARIBU KWA WASIOAGA. Kila kitu kikafungwa kwa utepe wa ukindu aliousuka Hasina, msuko ule ule mmoja, ili mafuta yautangaze mkate na mkate uutangaze mkeka.

Watu walikuja. Wanafunzi wa chuo, familia za mjini siku za Jumapili, harusi zilizotaka zawadi za wageni. Hata wale jirani waliokuwa wanatucheka walikuja kununua, wakijifanya wamepotea njia.

Lakini kuna jambo hatukuliandika kwenye kibao. Kwetu mtu asiyeaga ana namna yake ya kusema. Usiku wa kuamkia safari anageuza viatu vyake, ncha zinatazama mlango. Wa nyumbani akiviona amejua. Naye hasemi kitu. Anafunga chakula kwenye kanga, mkate, muhogo, chochote kilichopo, anakiweka kando ya viatu. Hapo kuagana kumekwisha. Anayeondoka anatoka na chakula cha kwao, na aliyebaki anajua kimechukuliwa. Hilo hatukuwaambia wageni. Si kwamba tulilificha. Hakuna kati yetu aliyeona kama linauzika.

Hasina alikuwa amechoka kusuka utepe. Alitaka kujifunza kukata ngozi na kuishonea kwenye vikapu, na mama mmoja mwenye karakana Raskazone, Tanga mjini, alikuwa amemwambia aende. Alinigusia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na wageni. Mara ya pili nilimwambia, "Ukiondoka wewe, utepe atausuka nani? Unataka kutukatia mzunguko?" Ya tatu hakunigusia.

Siku yenyewe nilitangulia kuamka. Niliviona viatu. Vilikuwa vile vyake vyeusi vya kutokea, vimepangwa pamoja, vinatazama mlango. Naapa niliviona. Lakini asubuhi ile lilikuwa linakuja basi la wageni arobaini, masinia yote yalikuwa na wenyewe, nikajiambia nitafunga kipande baadaye, kwanza niwashe moto. Nikajiambia pia labda anakwenda Pangani mara moja. Mama akitaka kujidanganya hakosi neno.

Wageni walipofika ua ulijaa. Hasina akatoka ndani na baibui lake na begi begani. Akasimama mbele yangu. Alisimama muda mrefu kuliko mtu anayepita. Dada mmoja katika wale wageni, simu kaiinua juu, akauliza, "Mama, huyu binti yako? Anakwenda wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Na mimi nikaona raha kutazamwa. Nikashika kiuno, nikasema kwa ile sauti yangu ya wateja, "Hapa hatuulizi! Binti, pita kwa Badru!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Hasina naye akacheka kidogo, asinivunjie heshima mbele za watu. Kisha akaenda. Kwa Badru hakupita.

Ile video ilizunguka kwenye simu za watu. Wiki zilizofuata walikuja wageni hata kutoka Korogwe wanamtaka "yule mama aliyempitisha mwanawe kwa Badru." Nikawa naigiza. Nasimamisha binti wa watu mbele yangu, namwambia apite kwa Badru, wanacheka. Mkate ulikuwa unaisha kabla ya adhuhuri. Jioni nikifagia ua, nilikuwa nafagia mpaka pale aliposimama, nazunguka.

Basi Ijumaa, siku ya pili ya maneno ya Ritha, nilishindwa kukaa. Nikatoka hadi njia panda. Rafaeli alikuwa anasokota kamba. Aliponiona akaanza kusokota haraka.

"Baba Loveness," nikamwita, "Jumamosi ulikuwa hapa?"

"Mimi kila siku niko hapa, Mama Hasina. Nisipokuwepo kibao kinaanguka."

"Mwanangu alishuka?"

Akaweka kamba chini. "Alishuka."

"Na siku zote hizi ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa naogopa."

"Unamwogopa nani? Mimi?"

"Najiogopa mwenyewe. Mtoto aliniamkia vizuri. Akaniuliza, 'Baba, mama yupo?' Sasa mimi nina mteja, nafunga mzigo, ulimi umezoea. Nikamwambia, 'Pita kwa Mama Hasina.'" Akavua kofia akajifuta uso. "Mungu anisamehe. Nilimwelekeza mtoto kwa mama yake kama mnunuzi. Akacheka. Alicheka kweli, mpaka akainama. Halafu nikaona si kicheko tena. Akavuka barabara."

"Hukumwita?"

"Nilimwita. Gari lilikuwa limeshasimama."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa kinywa gani? Nikarudi nyumbani, nikapika sinia moja tu, na Jumamosi alfajiri nikavaa.

Badru akanikuta nafunga mlango. "Shemeji, unakwenda..." Akajishika mdomo. Kisha akasema, "Leo kuna wageni wa Muheza."

"Waanzie kwako."

"Wanakuja kwa ajili yako wewe."

"Waambie nimeondoka na sikuaga. Watafurahi sana."

Mjini Tanga nilikuwa na maelekezo ya mdomo tu ya pale alipopanga: Mabawa, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Milango ya bluu ilikuwa mitatu. Wa kwanza alinifungulia mzee mmoja, akanikaribisha chai kabla hajajua namtafuta nani. Wa pili ulikuwa umefungwa. Barazani pa mlango wa tatu alikuwa ameketi mwanangu, ngozi mapajani, kisu mkononi, anakata kitu cha mviringo kwa kufuata alama ya chaki. Nilisimama nikamtazama kabla hajaniona. Alikuwa amekonda usoni, na alikuwa anakata bila kusita. Mimi sikuwahi kumwona akishika kisu namna ile. Kuna mtu alikuwa amemfundisha, akamwona akikosea, akamwona akipatia, na mtu huyo si mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Alisimama, akanipokea mzigo, akanipa kigoda chake, yeye akakaa chini. Nikatoa mkate kwenye kanga. Akaugeuza, akautazama pande zote.

"Hauna utepe," akasema.

"Sikuuleta kuuza."

Akaumega, akala kipande, kingine akakirudisha kwenye kanga. Nikashindwa kuvumilia.

"Ulifika njia panda ukageuka."

"Nilifika."

"Kwa sababu ya maneno ya Rafaeli?"

"Baba Loveness hana kosa. Alinichekesha tu." Akakichukua kisu tena. "Mama, ile siku niligeuza viatu tangu magharibi. Uliviona?"

Ningeweza kusema sikuviona. Alikuwa hana namna ya kujua.

"Niliviona."

Akatikisa kichwa taratibu. "Niliamka nikatazama kando yake. Hamna kitu. Nikasema labda kasahau, yuko motoni. Nikavaa polepole. Nikatoka nikasimama mbele yako, nikasema labda atanipa mkononi. Kipande kimoja, mama. Ulikuwa na masinia saba."

"Yalikuwa ya wageni."

"Najua. Nikasema basi, kama hamna mkate, aniulize hata swali. Swali langu akaliuliza mgeni, na wewe ukamjibu ili watu wacheke."

Mtoto wa jirani alikuwa anaimba alifabeti ndani. Nikamsikiliza mpaka akaimaliza.

"Sasa Jumamosi iliyopita ulikuja kufanya nini?" nikamuuliza.

"Naondoka tena. Kuna kikundi cha akina mama Lindi, wameomba mtu wa kuwafundisha kusuka na kushona ngozi. Mama wa karakana kanichagua mimi. Nilikuja nilale nyumbani siku moja, nigeuze viatu, nione."

"Uone nini?"

Akautazama mkate kwenye kanga. Nilikuwa najua.

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu alfajiri."

Nikamshika mkono pamoja na kisu chake. "Twende nyumbani leo hii. Ulale, ugeuze viatu, mimi nitakufungia. Nitakufungia mikate mitatu."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto kwa mzazi ni kitu kizito, msiombe mkione. "Mama," akasema, "kikishaombwa hakiwi kile."

Ndipo nikamuuliza lile ambalo kwetu haliulizwi. Ulimi ulikuwa mzito kama namtaja maiti.

"Utarudi lini?"

Mkono wake ukatulia ndani ya mkono wangu. Alifikiri kweli, sikumwona akitafuta uongo.

"Sijui, mama."

"Mwaka?"

"Sijui. Sitaki kukudanganya."

Alinisindikiza mpaka stendi, akaninunulia maji, akaniwekea begi miguuni. Hakuna aliyesema neno jingine. Zamani kunyamaza kama kule kungenitosha. Siku ile nilikaa dirishani nikawa sijui tena kama tulinyamaza kwa sababu ni desturi yetu, au kwa sababu ya kibao.

Jumatatu aliondoka. Alinipigia Jumatano, akasema Lindi ni kuzuri, akina mama ni wachangamfu, wanamwita mwalimu. Mwalimu! Nilipokata simu nililirudia neno lile mpaka Bi Hafsa akauliza ninaongea na nani. Sasa umefika mwezi wa tano. Anapiga kila Jumatano, na kila Jumatano namuuliza atarudi lini, na kila Jumatano hajui. Kuna siku nasema nisimuulize, nisimchoshe. Halafu naogopa nikinyamaza atadhani nimerudi kule kule. Chumbani kwake nimemwekea mkeka mpya. Hakuna anayelala pale. Ukindu wake wa mwisho, aliouacha nusu ya msuko, uko vilevile, nauhamisha nikifagia, naurudisha.

Nilimwomba Badru aliondoe lile neno langu kwenye biashara. Akaniambia, "Shemeji, kibao si changu peke yangu." Ni kweli. Bi Hafsa anategemea, Rafaeli anategemea, na mimi pia nakula humo. Basi mzunguko unaendelea, ila mimi siigizi tena. Juzi walikuja akina dada sita, wakaomba niwapitishe kwa Badru wanirekodi. Nikawaambia, "Nendeni salama, Mungu awatangulie, mkifika nyumbani wasalimieni mama zenu." Mmoja akanuna. "Tumetoka mbali kote huku," akasema, "kumbe wanaaga kama watu wengine."

Na nyie wa vijiji vingine mnayo majina yenu ya utani, nayasikia. Wako wanaoitwa wavivu, wako wanaoitwa walafi, na kila jina lina kisa chake. Yatumieni. Yanalisha, siwezi kusema uongo. Tangazaneni, mnunuliane, mpelekeane wateja. Lakini epukeni haya:

Msitundike jina kwenye kibao kabla ya kuwauliza wazee desturi yake yote, pamoja na nusu ile isiyouzika.

Msiseme neno la biashara kwa mtoto wenu, hata kwa mzaha, hata mara moja.

Msikubali mtoto arekodiwe wakati anatoka nyumbani.

Msiwape wageni chakula chote. Cha wa nyumbani kitengwe kabla moto haujawashwa.

Msimfanye mtoto mmoja awe ndiyo kamba ya mzunguko mzima, halafu akitaka kutoka mkamwita msaliti.

Ukiona dalili kwamba mtoto anaondoka, usijiambie baadaye.

Ukijua habari ya mtoto wa mwenzio, usikae nayo. Mpelekee siku ile ile.

Msingoje maneno yawafikie kwa mpita njia. Nendeni mkamwone wenyewe.

Msiahidi kurekebisha kwa mikate mitatu.

Na msiseme mtoto ni mkubwa, atazoea.